Yadi Kumi Kati ya Marwick na Tolliver

Nilipoolewa na Orval Haupt nilijua naolewa na mbishi. Nisilolijua ni kwamba alikuwa na mdogo wake, Merle, mbishi kumshinda, na kwamba ingefika siku hao wawili wanuniane hadi nizeeke nikiwatazama. Watu wazima wenye wajukuu, wametenganishwa na mto Tallow, ambao wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowa magoti. Sisi tuko Marwick, upande huu. Merle na mkewe Bernadine walikuwa Tolliver, ng'ambo ya daraja.

Waligombana kwa ajili ya mama yao. Mama mkwe alianza kusahau kwamba amewasha jiko, akawa anatoka nje na nguo ya kulalia kwenye theluji, na Orval, ambaye ndiye aliyekuwa karibu naye, akampeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Merle alikuwa kwenye mavuno, mahindi yanamsubiri shambani. Hakuulizwa. Alipopata habari alikuja mpaka kwenye ngazi zetu, hakuvua hata kofia, akasema, "Umemtupa mama."

"Mbona wewe hukumchukua?" Orval akamjibu.

Basi. Mama akafariki kabla theluji haijayeyuka, na kaburini wakasimama mmoja upande huu, mmoja upande ule. Hakuna aliyempa mwenzake pole. Mimi nilitaka kuwagonganisha vichwa palepale mbele ya mchungaji, na mpaka leo najuta kwamba nilijizuia.

Ningesema walikatana kabisa, lakini kulikuwa na mnyororo.

Mpira wetu ni ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, wa kukumbatiana na kuangushana. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Yadi hizo kumi hupimwa kwa mnyororo wenye fito mbili za rangi ya chungwa, moja kila ncha, na watu wawili wanaozishika fito hizo hutembea nazo pembeni mwa uwanja mchana kutwa. Kwingine kote wenyeji ndio hutoa watu hao. Ila mechi ya chuo cha Marwick na chuo cha Tolliver, Jumamosi ya mwisho ya msimu, ilikuwa na utaratibu wake. Zamani, kabla baba mkwe wangu hajaota ndevu, watu wa Tolliver walidai kwamba tumeuvuta mnyororo ili kuwapunja, zikapigwa ngumi mpaka mchungaji akapasuliwa mdomo. Tangu hapo ikaamuliwa kwamba fito moja ishikwe na mtu wa Marwick na nyingine na mtu wa Tolliver, kila mmoja amchunge mwenzake. Orval alirithi fito yetu kwa baba yake. Merle alipooa ng'ambo na kuhamia huko, wazee wa Tolliver walimpa yao, wakacheka sana kwamba sasa ndugu atamchunga ndugu.

Walipoacha kusemeshana, kila mtu alidhani mmoja ataiachia fito. Thubutu. Orval alisema, "Akiacha yeye, nitaacha." Na huko ng'ambo Merle alisema neno hilohilo. Kwa hiyo mara moja kwa mwaka walikuwa wakiunganishwa kwa yadi kumi za chuma, wakitembea kwa pamoja, wakisimama kwa pamoja, bila kufungua mdomo.

Na hapo ndipo palipokuwa na siri yao, ambayo mimi niliigundua kwa sababu kibanda changu cha maharage ya nyama na mikate ya mdalasini kilikuwa kwenye uzio, upande uleule wa mnyororo. Kila walipohamia mahali papya, Orval alikuwa akiuvuta mnyororo mara mbili, kidogo tu. Maana yake, niko tayari. Merle naye anavuta mara mbili. Ishara hiyo waliipata kwa baba yao. Lakini ule mwaka niliofanyiwa upasuaji wa titi, nikiwa nimekaa kibandani nimefunga kilemba kichwani, nilimwona Merle akinitazama, halafu akavuta mara tatu. Orval akasimama kidogo, akajibu mara mbili.

Jioni hiyo Orval akaniambia, "Merle ameuliza hali yako."

"Ameuliza vipi, na hamsemeshani?"

"Ameuliza. Nimemwambia hujambo."

Nililia kwenye sinki, maji ya vyombo yakipoa. Nikajua hawa watu bado ni ndugu, ila wamekuwa wajinga.

Sasa, ligi yetu. Iliitwa Ligi ya Mto Tallow, na ilikuwa na vyuo vidogo vidogo ambavyo vyote ungevizunguka kwa tangi moja la mafuta. Halafu ikaanza kumegeka. Kimoja kilifungwa kabisa, siku hizi majengo yake yanahifadhi mbolea. Kimoja kikaacha mpira kikabaki na kuogelea. Kingine kikaletwa kuziba pengo kutoka huko mbali, kikakaa misimu miwili kikaondoka bila hata kuaga, jezi zao mbili bado ziko kwenye chumba chetu cha kufulia. Kila mara wakubwa walikuwa wanatuambia ligi inajipanga upya. Mimi nikimwona mtu anajipanga upya kila mwaka najua anakufa.

Orval aliniletea habari jikoni, masika, ana tope mpaka magotini.

"Tolliver wanahama," akasema.

"Wanahamia wapi? Mto umehama?"

"Wanahama ligi. Wamechukuliwa na ile kubwa. Watacheza na watu wa Indiana na Ohio huko."

"Na sisi?"

"Hatumo. Mwaka huu ndio wa mwisho. Kuanzia mwaka kesho Jumamosi ile wameshapewa mtu mwingine."

Niliropoka sana siku hiyo. Nikasema watoto wa Tolliver watakesha ndani ya basi kwenda kupigwa na watu wasiowajua, mbele ya watu wasiowajua, na mama zao hawatakuwepo. Nikasema mkuu wao wa chuo ana shingo ya bata. Kusema kweli nilijua kwa nini wanaondoka. Wanafunzi wanapungua, na chuo kikionekana kwenye ligi kubwa watoto wa mbali hulisikia jina lake. Wanataka kuishi, kama sisi. Lakini mtu anayezama akikukanyaga kichwa, humwambii asante.

Orval alikuwa akikwangua tope kwenye suruali mpaka nikamaliza. Kisha akavuta kiti.

"Nitamwambia," akasema.

"Nani?"

"Merle. Siku ya mwisho. Nitamwambia."

Nikaweka chini kitambaa. "Utamwambia nini?"

"Kwamba ningemuuliza. Habari ya mama. Ningemuuliza kwanza."

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nikamwonyesha ukutani. "Simu ile pale. Mpigie sasa hivi."

"Si jambo la simu."

"Basi gari liko nje. Daraja liko palepale."

"Lavonne." Akanitazama kama mtu anayeniomba nisimharibie. "Kwenye kupima."

Nilimwelewa. Mara nyingine mpira unaangukia karibu sana na alama, refa hawezi kusema umefika au haujafika, basi anauita mnyororo katikati ya uwanja. Wale wawili wanaingia na fito zao, wanapima mbele ya watu wote, halafu wanatoka pamoja, bega kwa bega, mahali ambapo hakuna sikio la mtu. Ilikuwa ikitokea kila mwaka, mara moja, mara mbili. Orval alikuwa amechagua mwendo huo wa kutoka uwanjani. Haupt hasemi neno mpaka awe na kazi mkononi.

Nikamwacha. Kiangazi chote nilimsikia zizini akilijaribu lile neno na ng'ombe.

Siku ilipofika, baridi ilikuwa ya kuuma masikio na watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Wengine walikuwa wamekuja na wazee wao kwenye viti vya magurudumu, wamefunikwa mablanketi ya rangi za vyuo. Watu wa Tolliver walikuja kibandani kwangu kwa aibu.

"Haya, wahamiaji," niliwaambia. "Bakuli la mwisho hilo. Huko Indiana mtakula popkoni."

"Usituseme hivyo, mama," mmoja akanijibu, mzee mzima, mafua yanamtoka. "Sisi hatukuulizwa." Nikamwongezea nyama.

Merle alikuja na koti lake lile la kijani, amekonda kidogo. Akashika fito yake. Orval akavuta mara mbili. Merle akajibu. Mechi ikaanza.

Na mechi yenyewe ikawa ya ovyo. Yaani mpira ama unakwenda mbali mno hauna haja ya kupimwa, ama haufiki hata nusu ya njia. Kipindi cha kwanza hakuna kupima. Cha pili hakuna. Kila rundo la watoto likianguka karibu na fito, namwona Orval ananyanyua kichwa, mkono tayari umeikamata fito kuing'oa, halafu refa anapunga tu watu waendelee. Maharage yaliniungulia nikiwa sina habari.

Karibu na mwisho Tolliver walikuwa na jaribio la nne, wamebakiza kipande cha nyasi kisichozidi mguu. Wakaruka, rundo likaanguka, watu wakasimama. Refa akawatoa mmoja mmoja hadi akaufikia mpira. Orval alishaing'oa fito yake. Merle naye ameing'oa. Nilimwona mume wangu akilamba midomo, nami nikalamba yangu kama ni mimi ninayekwenda kusema.

Refa akainama, akatazama kwa jicho, akanyoosha mkono mbele. Wamefika. Hakuna haja ya kupima.

Nilimtukana refa yule tusi ambalo sijalirudia tena. Tolliver wakamaliza muda wakiwa na mpira mikononi, wakashinda. Sikumbuki kwa ngapi, na mimi ni mtu wa kukumbuka.

Nikajipa moyo. Kulikuwa na nafasi moja bado. Mechi ikiisha, Orval hukunja mnyororo akianzia upande wake, na Merle hutembea polepole na ncha yake mpaka wanakutana, anamkabidhi fito, anatikisa kichwa, anaondoka. Atasema hapo, nikajiambia. Hapo hana pa kukimbilia.

Mara kipaza sauti kikawaita wote wawili katikati ya uwanja. Wakuu wa vyuo walikuwa wameshafika pale na makoti yao mazuri, na mpiga picha, na kijana mmoja amebeba mkasi mkubwa wa kukatia vyuma umefungwa utepe. Mtangazaji akasema kwamba kama kumbukumbu ya urafiki wa miaka mingi, mnyororo utakatwa katikati, kila chuo kiweke nusu yake kwenye kabati la kioo.

Hawakumuuliza mtu. Waliokuwa wameushika mnyororo huo hawakuulizwa. Niliruka kamba ya uzio na upawa mkononi, nikaingia uwanjani.

"Unyoosheni vizuri," mpiga picha alikuwa anasema. "Kazeni. Hivyo hivyo. Tazameni huku."

Wakaunyoosha, Orval huku, Merle kule, yadi kumi kati yao. Mimi nilikuwa nimefika pembeni, nawaona wote wawili. Hawakutazama kamera. Walitazamana. Na nikaona, naapa kwa watoto wangu, nikaona kiganja cha Orval kikivuta mara mbili, na kiganja cha Merle kikivuta mara mbili, kwa wakati mmoja, kabisa, kama watu waliohesabiwa moja, mbili, tatu. Mnyororo ukatetema katikati ukatulia. Chuma kimevutwa huku na kule kwa nguvu sawa, kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu mkononi isipokuwa ugumu.

Kisha wakasubiri. Nilizijua nyuso zao. Kila mmoja alikuwa amevuta na sasa anangoja ajibiwe. Nikafungua mdomo niseme.

Mkasi ukakata. Watu wakapiga makofi. Nusu mbili zikaanguka kwenye nyasi, na vijana wa vyuo wakaja wakazichukua pamoja na fito, huku wanafunzi wakimiminika kutoka majukwaani wakipiga picha. Hakukuwa na kitu cha kukunja. Merle alisimama kidogo na mikono mitupu, akageuka, akaenda zake.

Nilimkimbilia hadi kwenye maegesho, nikamkuta anatafuta funguo.

"Merle. Subiri. Orval ana neno."

"Shemeji, nimevuta," akasema, hata kunitazama hakunitazama. "Siku zote yeye ndiye anaanza. Leo nikasema nianze mimi. Nimevuta mara mbili, nikangoja. Amekaza tu."

"Naye amevuta. Nimemwona kwa macho yangu."

"Angevuta ningesikia."

"Mmevuta pamoja, mabwege ninyi. Ndiyo maana hamkusikia."

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia mwenzake. "Wewe una roho nzuri, Lavonne. Tangu zamani unatupatanisha kwa kututungia maneno." Na ni kweli, nilishawahi kuwapelekea salamu ambazo hakuna aliyezituma. Akaingia kwenye gari, akavuka daraja.

Orval nilimkuta ndani ya pikapu yetu, taa zimezimwa. Nikamwambia yote. Aliposikia alitikisa kichwa.

"Aliukaza," akasema. "Nilivuta, akaukaza. Nilihisi hapa." Akanionyesha kiganja.

"Kwa sababu alikuwa anavuta."

"Lavonne, nimeushika mnyororo ule maisha yangu yote. Haujanidanganya hata siku moja."

Tazama mambo hayo. Mke aliyekula naye sahani moja tangu ujana anaweza kumdanganya, ila chuma hakiwezi. Nilimwambia apige simu, akasema akitakiwa ataitwa. Nikampigia Bernadine, akaniambia mambo ya hao ndugu wawili ameyachoka na asingependa kuyaingilia, tukaongea habari za viazi. Nusu ya mnyororo ikawekwa kwenye kabati la kioo chuoni, karibu na mashine ya soda. Orval hakwenda kuiona.

Merle alifariki Machi, akiondoa theluji mlangoni kwake. Moyo. Bernadine alimkuta ameegemea koleo.

Orval alipokea simu, akasema ndiyo, ndiyo, asante, akaikata, akaenda kukamua. Kanisani Tolliver alivaa suti aliyomzikia mama yake, inambana. Alitaka tukae nyuma kabisa. Bernadine akaja mwenyewe mpaka kwenye benchi letu, macho yamemvimba, akasimama mbele ya mume wangu.

"Kwenye kubeba jeneza kuna nafasi ya mbele, kushoto," akamwambia. "Ni yako kama unaitaka. Sijui kama unaitaka, Orval. Siku ile ya mechi alirudi akakaa jikoni na koti lake mpaka giza likaingia. Akasema, nimevuta mara mbili, kaka amekataa. Hakusema kitu kingine. Akalala bila kula."

Orval akanyanyua kichwa. "Alisema amevuta?"

"Mara mbili. Sijui ndiyo nini. Ndivyo alivyosema."

Akanigeukia. Nimemwona mume wangu akivunjika mguu, nimemwona akizika mama, sijawahi kumwona na uso ule.

"Uliona," akaniambia.

"Niliona."

"Uliniambia."

"Nilikwambia, Orval."

Akainuka akaenda kushika jeneza, mbele, kushoto. Walilibeba hadi makaburini, ardhi bado ngumu, upepo unatoka mtoni, wakaliweka juu ya kaburi kwenye zile kamba za kushushia. Wabebaji wengine wakarudi nyuma, wakasimama na wake zao. Orval hakurudi. Alikuwa bado ameshika mshikio wa jeneza. Nikasogea karibu naye, na hapo nikamsikia akisema, kwa sauti ndogo ile aliyokuwa akiitumia zizini, "Ningekuuliza, Merle. Ningekuuliza kwanza." Kisha nikaona kiganja chake. Kilivuta mara mbili, kidogo tu.

Akasubiri. Mchungaji alikuwa ameshafunga kitabu, watu wameanza kutazamana, na yeye amesimama pale, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisimama pembeni mwa uwanja. Bernadine alikuwa analia sasa. Kijana mmoja wa kampuni ya mazishi, ambaye hakumjua yeyote kati yetu, akaja akamgusa begani kwa adabu.

"Mzee," akamwambia, "unaweza kuachia sasa."